Erased ilituahidi fumbo zito, mwisho wake ukapwaya. Tuijadili kwa kina

#1 Kahawa Chungu

Wakuu, salaam kwenu.

Tahadhari kwanza: humu ndani nataja kila kitu, muuaji na mwisho wake. Kama hujaiona Erased, ile anime (katuni ya Kijapani), na unapanga kuiona, ishia hapa, kaitazame episodi zote 12, halafu rudi. Uzi utakuwepo.

Kila mtu akiomba kupendekezewa anime ya upelelezi, hii haikosi kutajwa, na wanaoitaja wanaisifu mwanzo mwisho. Mimi naipenda nusu yake kupita kiasi, ndiyo maana nusu ya pili inaniuma hadi leo.

Kwa waliosahau: Fujinuma Satoru ana miaka 29, ni mchora manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ambaye mambo hayajamnyookea, anasambaza piza huko Chiba, Japani. Balaa likitaka kutokea karibu naye, muda unarudi nyuma dakika chache mpaka agundue kasoro iko wapi. Mwaka 2006 mama yake, Sachiko, anakuja kumtembelea. Nje ya duka anaona mtu akijaribu kumchukua mtoto, na mtu yule anamkumbusha jambo la zamani. Kabla hajalisema, anachomwa kisu ndani ya chumba cha mwanawe. Satoru anakutwa na damu mikononi, polisi wanamkimbiza, na safari hii muda hausimami kwenye dakika chache. Unamrudisha miaka 18, hadi Februari 1988, Hokkaido, kaskazini mwa Japani, mwanafunzi wa darasa la tano mwenye akili ya mtu mzima. Kipindi hicho watoto watatu waliuawa, wa kwanza akiwa mwanafunzi mwenzake, Hinazuki Kayo. Aliyehukumiwa ni kijana Shiratori Jun, watoto wanamwita Yuuki, na Satoru tangu utotoni hajawahi kuamini kwamba ni yeye.

Ufunguzi kama huo unaupata wapi? Maiti ya mama, mtu aliyefichwa uso gizani, kijana asiye na hatia anayesubiri kunyongwa, na mtoto wa kike aliyebakiza siku za kuhesabu. Mwongozaji Tomohiko Ito na studio ya A-1 Pictures wanakupa haya yote kwenye episodi ya kwanza, tena kwa utulivu. Ukifika 1988 picha inabanwa kwa mistari myeusi juu na chini kama filamu ya sinema, kumbukumbu zinapita kama mkanda. Unakaa sawa kwenye kiti, unaanza kuwachunguza watu.

Sasa wachunguze. Yuuki tayari amefungwa kimakosa, kwa hiyo si yeye. Akemi, mama yake Kayo, ni katili kwa mwanawe, lakini hana sababu ya kuwaua watoto wa watu wengine. Sawada, mwandishi wa habari aliyefanya kazi na Sachiko, ndiye anayemsaidia Satoru kuelewa jinsi muuaji anavyochagua watoto wapweke. Mtu mzima aliyebaki, mwenye gari, anayeaminiwa na kila mtoto na anayejua nani yuko peke yake, ni mmoja: mwalimu wa darasa, Yashiro Gaku. Hadithi inajiita fumbo, na imekuletea mshukiwa mmoja.

Hata hapo nilikuwa tayari kusamehe. Kubashiri si dhambi. Kilichonishinda ni kwamba waandishi wanaendelea kumficha Yashiro hadi episodi ya 10 kana kwamba hatujajua, na akishajifunua zinabaki episodi mbili tu za kujibu swali zito zaidi: mtu huyu ni nani hasa?

Niwape mfano mmoja ninaoutafuna kila nikiikumbuka. Episodi ya 9, Satoru na mama yake wanamrudisha Kayo kwao, Akemi anataka kumvamia, na anayetokea na maafisa wa ustawi wa watoto ni mwalimu Yashiro. Amemleta hadi bibi yake Kayo. Akemi anavunjika, analia mbele ya mama yake mzazi. Kayo anaondoka salama. Yaani mtu aliyepanga kumuua mtoto yule ndiye aliyekamilisha wokovu wake, kwa utaratibu, kwa sheria, bila kukosea hatua. Kwa nini? Alikuwa anamwondoa mtoto aliyeshindikana ili ahamie kwa mwingine? Au kuna sehemu ndani yake inayotaka kweli watoto waokolewe? Hilo ndilo fumbo halisi la hadithi hii, na anime inapita pembeni yake bila hata kusimama.

Karibuni.

#2 Binti Pangani

Kaka Kahawa, nimekusoma hadi mwisho na nakupinga kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipoitazama sikuwa natafuta muuaji, nilikuwa namwangalia Kayo. Jinsi anavyokaa. Jinsi anavyojibu kwa ukali ili usimsogelee, lile swali lake la kila mara, "wewe ni mjinga?" Jinsi anavyovaa kuficha alama. Mtoto wa aina hiyo nimemfundisha, na mwalimu yeyote anayesoma hapa amemfundisha, ajue asijue.

Ile asubuhi nyumbani kwa kina Satoru, Sachiko anapanga mezani mayai, soseji, saladi, wali na supu, vyote vinafuka moshi. Kayo anakaa, anavitazama, na picha inatuonyesha asubuhi za kwao: tambi za kopo, sarafu zilizoachwa mezani. Halafu machozi. Hakuna hotuba, hakuna mtu anayemwambia pole. Chakula cha asubuhi tu. Nimeona tamthilia nyingi zinazotaka kunielimisha juu ya ukatili kwa watoto na hakuna iliyonifikia kama sahani ile.

Ahadi ya hadithi hii kwangu ilikuwa "je, mtoto huyu ataokolewa?" Na ahadi hiyo ilitimizwa. Mambo ya muuaji ni kamba tu ya kutuvutia tufike pale.

#3 Mfungua Pazia

Dada Binti Pangani umeongea. Mimi niliishia episodi ya 9 moyoni. Zilizofuata nilizitazama kwa adabu tu.

#4 Kahawa Chungu

Dada, kila ulichosema juu ya Kayo nakubaliana nacho, na ile sahani ni tukio bora la anime nzima. Lakini unavyoiita kamba ya kutuvutia, ndipo tunapoachana.

Kayo hakuwa hatarini kwa sababu ya mama yake peke yake. Alikuwa hatarini kwa sababu kuna mtu mzima aliyeuona upweke wake akaufanyia hesabu. Wewe ni mwalimu, utanielewa: Yashiro na Sachiko wote wawili waliona alama zilezile kwa mtoto yule. Mmoja alizisoma akapika asubuhi. Mwingine alizisoma akaanza kupanga lini na wapi. Hadithi inayoweka watu hao wawili kwenye mji mmoja ina wajibu wa kutuambia kitu juu ya wa pili. Ukiacha upande huo wazi, hata upande wa Sachiko unapungua uzito.

#5 Msomaji wa Kwale

Niaje wadau. Mimi nilimaliza manga yote, yaani kitabu ambacho anime hii ilitokana nacho, kabla ya kumaliza anime, kwa hivyo acha niweke mezani kile kilichokatwa, maana wengi wenu mnabishana na nusu ya hadithi.

Manga ya Kei Sanbe ilianza kutoka kwenye jarida la Young Ace mwaka 2012 na ikaisha Machi 2016. Hadithi kuu ni juzuu 8, halafu kuna ya 9 ya nyongeza. Sanbe mwenyewe ni mzaliwa wa Tomakomai, Hokkaido, ndiyo maana theluji ile na barabara zile zinakaa kama za mtu anayezijua.

Lile tukio la Yashiro kumzamisha Satoru majini ndani ya gari, ambalo anime inaliweka episodi ya 10, kwenye manga bado liko mbali na mwisho. Linalofuata, yaani Satoru kulala kwenye koma miaka 15, kuamka, kukusanya kumbukumbu moja moja na kumwinda Yashiro, linachukua karibu juzuu tatu. Anime imelipa episodi mbili. Hebu fikirieni hesabu hiyo: juzuu tatu kwa dakika arobaini na kitu.

Kilichopotea au kufupishwa ni nini? Kwanza, Yashiro mwenyewe. Manga inasimulia kwa kirefu utoto wake: kaka yake, na wale hamsta aliowatia majini kwenye chombo, mmoja akasalimika kwa kuwakanyaga wenzake. Anamfuga huyo, anampa jina la Spice. Kutoka hapo unaelewa ule uzi wa buibui anaouona juu ya vichwa vya watu, na unaelewa kwa nini mtoto aliyekataa kufa angemshika akili hivyo. Sisemi inamtakasa. Inamfanya awe mtu unayeweza kumfikiria usiku ukiogopa.

Pili, Kenya na Sawada. Kenya, yule rafiki wa Satoru mwenye akili nyingi, amekuwa wakili, Sawada ameshikilia kesi hii miaka yote, na kwa manga hao wawili wanafanya kazi ya kweli ya uchunguzi. Kwa anime wanapita tu.

Kwa hivyo swali la mwenye uzi, mtu huyu ni nani, lina jibu. Waliliacha nje ya mlango.

#6 Nahodha wa Usiku

Hapo Kwale umemaliza kazi. Na mimi niongeze upande wa ufundi, kwa sababu nadhani kuna mkanganyiko wa aina ya hadithi.

Kuna hadithi za "nani kafanya", na kuna hadithi za "tunamjua, sasa tufanyeje". Monster ya Naoki Urasawa, ile anime ya Madhouse ya 2004 yenye episodi 74, haikufichi muuaji wake, Johan, kwa muda mrefu. Unamjua mapema, na woga unazidi kadiri unavyomjua. Higurashi ya 2006 inafanya kinyume: inakupa maswali sura baada ya sura, watu walewale wanakufa kwa namna tofauti, halafu inageuka na kukupa majibu, mengine ukayasubiri hadi msimu wa 2007. Zote mbili zimechagua njia.

Erased haikuchagua. Ingemfunua Yashiro episodi ya 5 au ya 6, pale Satoru aliporudishwa 2006 kwa muda, tungepata nusu nzima ya mtoto wa miaka kumi anayekaa darasani kila siku mbele ya mtu anayemjua kuwa ni muuaji, na hawezi kumwambia yeyote kwa sababu nani atamsadiki. Akiinua mkono kujibu swali, mikono inatetemeka. Akiambiwa "panda, nikupeleke nyumbani", anapanda au hapandi? Hiyo ingekuwa anime ya kutisha kweli. Badala yake tumekaa na siri ambayo si siri.

#7 Binti Pangani

Nahodha, hilo la kukaa darasani na muuaji limenipa baridi. Sasa naanza kuona mnachokililia.

Ila naomba mkumbuke jambo moja mnapowahukumu. Manga imeisha Machi 2016. Anime nayo imeisha Machi 2016. Anime haiandikwi wiki moja kabla ya kurushwa. Ina maana walikuwa wanaandika mwisho wakati sura za mwisho za manga hazijafika mikononi mwa wasomaji. Hata ile filamu ya kuigizwa na watu, ya Tatsuya Fujiwara, ilitoka Machi ileile. Hadithi moja, miisho mitatu, mwezi mmoja. Kwa mazingira hayo, kuimaliza kabisa na kutoiacha inaning'inia ni jambo la kushukuru.

#8 Kahawa Chungu

Hoja ya muda naipokea, ila haiwasafishi. Kukosa sura za mwisho kunaeleza kwa nini tukio la mwisho limebadilika, manga ikiishia kambini, kwenye daraja la kuning'inia na moto, anime ikiishia juu ya paa la hospitali. Hakuelezi mgawanyo wa episodi. Kalamu ilikuwa mkononi mwao. Wangeweza kupunguza kwingine.

Na tuliangalie hilo paa kwa karibu, maana ndipo ahadi yote ilipokuwa ikisubiriwa. Satoru yuko kwenye kiti cha magurudumu, miaka 15 ya koma imemla mwili. Yashiro anamsukuma hadi ukingoni. Wameachwa wawili. Kwa mara ya kwanza tangu 1988 wanaweza kusemezana ukweli. Satoru anamwambia kwamba anajua: miaka yote ile ulikuwa na nafasi ya kuniua kitandani, hukuweza. Hapo nilishika pumzi. Hilo ni wazo kubwa, kwamba muuaji amemhitaji mtu aliyemshinda, na bila yeye maisha yake hayana maana.

Halafu Satoru anajirusha, chini kuna godoro la upepo, marafiki zake wamesimama pale, kila kitu kilikuwa kimepangwa, ile dripu ya Kumi, mtoto mgonjwa pale hospitalini, ilikwishashughulikiwa, ushahidi upo, Yashiro amekamatwa. Yote hayo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mpango ule tunaelezwa baada ya kutokea. Mtazamaji aliyekuwa akikusanya dalili tangu episodi ya kwanza hakupewa hata moja ya kuusoma mpango huo mapema. Ndicho ninachokiita kuvunja ahadi: ulinitaka niwe mpelelezi, siku ya mwisho ukanifungia nje ukaja kunisimulia.

#9 Jicho la Bundi

Niwaulize wenzangu, hivi kurudi nyuma kwa muda kulielezwa popote? Nilisubiri hadi mwisho.

#10 Msomaji wa Kwale

@Jicho la Bundi hapana, hata kwa manga hakuelezwi chanzo chake. Na mimi hilo halinisumbui hata kidogo. Ni sharti la mchezo, unalipokea mlangoni au unaondoka. Lililonisumbua ni kwamba likishampeleka 1988 mara ya pili, basi, limekwisha kazi, na Satoru aliyeamka kwenye koma hana tena silaha hiyo wala hatuambiwi anajisikiaje kuikosa.

#11 Mama Salha

Mbona hakuna anayegusa suala la Kayo na Hiromi? Satoru anaamka baada ya miaka 15, Kayo anakuja kumwona akiwa na mtoto, kaolewa na rafiki yao Hiromi. Nililia siku nzima. Alimpa maisha, akapewa taarifa ya ndoa.

#12 Binti Pangani

Dada Mama Salha, hapo ndipo waandishi walipokuwa wakweli kuliko kote. Satoru ni mtu wa miaka 29 ndani ya mwili wa mtoto. Alimwokoa Kayo ili Kayo awe na kesho yake mwenyewe, na kesho hiyo imekuja: ana mume, na mume huyo naye ni mmoja wa wale watoto watatu waliokuwa wamekufa kwenye maisha ya kwanza. Watu wawili waliokuwa kaburini wamezaa mtoto. Unataka malipo gani zaidi ya hayo? Kama angemsubiri miaka 15 kando ya kitanda, tungekuwa tumemtoa kwenye kifungo cha mama yake tukamtia kwenye kingine.

Na wa kumsubiri alikuwepo, ni mama yake. Sachiko alimgeuza, alimnyoosha viungo, alimkata kucha, mwaka hadi mwaka, bila kujua kama ataamka. Kwenye maisha ya kwanza aliuawa kwa sababu alikumbuka uso wa mtu. Kwenye haya ya pili amebaki hai kumsubiri mwanawe. Anime ikamwelewa mama huyu kuliko mtu mwingine yeyote ndani yake.

#13 Mfungua Pazia

Hapo kwa Sachiko sina la kuongeza. Mama yule asingekuwepo, anime nzima ingeanguka.

#14 Nahodha wa Usiku

Nataka kuwatetea kidogo pale wanapostahili, kwa sababu kuna uzi mmoja wa kipelelezi waliousuka vizuri sana na watu wengi hawauoni.

Mwanzoni, pesa za chakula zinapotea darasani na mwanafunzi mwenzao, Misato, anamsingizia Kayo. Satoru, kwa hasira ya mtu mzima, anamwumbua Misato mbele ya wote. Tunashangilia. Baada ya hapo Misato anatengwa. Hakuna anayecheza naye, hakuna anayeongozana naye kwenda nyumbani. Kamera haituambii chochote, inamwonyesha tu pembeni, episodi baada ya episodi. Unafika ile ya 10, Satoru amewalinda watoto wote watatu waliokuwa kwenye orodha, na ghafla anamwona Misato peke yake uwanjani na kugundua kwamba amemtengeneza mwathirika mpya kwa mkono wake mwenyewe. Anamkimbilia. Na Yashiro anajua kwamba atamkimbilia, ndiyo maana mtego ulikuwa wa Satoru tangu mwanzo.

Dalili zilikuwepo, ziliwekwa wazi mbele yetu, na zilipojibiwa zilitoboa. Ule mkanda wa gari usiofunguka, Satoru amefungiwa kiti cha mbele, gari linaingia kwenye maji ya barafu, na anapiga kelele kwamba anaijua kesho ya mwalimu wake. Dakika zile ni za daraja la juu. Kwa hiyo waliweza. Ndiyo maana episodi mbili za mwisho zinaudhi: zimeandikwa na watu waliotuonyesha kwamba wanajua kazi.

#15 Kahawa Chungu

Nahodha, uzi wa Misato umeuchambua vizuri kuliko nilivyowahi kuusoma popote. Na unanisaidia kusema ninachotaka kusema. Pale kwa Misato hadithi inamwambia Satoru: wema wako umekuwa na gharama, na gharama imemwangukia mtoto mwingine. Hilo ndilo kiwango ilichojiwekea yenyewe. Nilitarajia Yashiro apimwe kwa mizani ileile. Amewafundisha watoto wale kusoma, amewafariji, amemfikisha Kayo kwa bibi yake, na amewaua. Vyote kweli, mtu mmoja. Ndani ya gari anaongea juu ya pengo moyoni linalotaka kujazwa, sentensi chache, kisha maji. Tunaamka miaka 15 baadaye na amegeuka mtu mbaya wa kawaida wa kusukuma kiti cha magurudumu.

#16 Pwani Moja

Samahani kuchelewa kwenye uzi. Kuna ile tamthilia ya Netflix ya Desemba 2017, ya kuigizwa na watu, nayo ina episodi 12. Mbona haijatajwa? Nimeona ikisifiwa kwamba imefuata manga.

#17 Msomaji wa Kwale

@Pwani Moja ni kweli, katika zote tatu za skrini ndiyo iliyo karibu zaidi na mwisho wa Sanbe. Episodi zake ni fupi na bado imepata nafasi ya kuufikisha mwisho ule. Hilo peke yake linajibu wanaosema kwamba hadithi ni kubwa haitoshi kwa episodi 12. Upungufu wake ni kwamba haina ule mkono wa Ito kwenye picha, wala muziki wa Yuki Kajiura, na Kayo wa anime kwa sauti ya Aoi Yuki hana mfano. Ukiniuliza mimi, tazama anime hadi gari linapoingia majini, kisha hamia kwa manga.

#18 Pwani Moja

Shukrani. Kwa hiyo nianzie juzuu ya 6 moja kwa moja?

#19 Msomaji wa Kwale

Ukiwa na haraka, ndiyo, utaelewa. Lakini nakushauri uanze ya 1. Sawada na Kenya wanajengwa taratibu tangu juzuu za mwanzo, mazungumzo yao mengi anime iliyafupisha, na bila hayo hutajua kwa nini baadaye wanamwamini Satoru haraka vile. Pia uangalie Yashiro kila anapotokea darasani. Ukishajua ni yeye, kurasa zile zinasomeka tofauti kabisa.

#20 Binti Pangani

Nami naanza juzuu ya 1 wiki hii, hasa kwa ajili ya lile la mwalimu kumpeleka Kayo kwa bibi yake. Kaka Kahawa, nikifika hapo nitaandika humuhumu kama manga imekujibu swali lako au nayo imelikwepa.

#21 Kahawa Chungu

Nakusubiri, dada. Na ukifika, niangalizie na lile basi bovu ambamo Satoru na wenzake walimficha Kayo, usiku mtu mzima anapoingia na kuacha mzigo wenye kamba na glavu. Kwenye anime hatuambiwi kama Yashiro alijua kwamba mtoto alikuwa mle ndani, amejificha hatua chache kutoka alipokanyaga. Nataka kujua kama alijua.